Jikune Ujipatapo

Murmansk, Desemba, na jua lilikuwa limeibwa.
Hakuna aliyeshtuka. Huibwa kila mwaka.
Saa sita mchana anga ilipata rangi ya sufuria iliyosuguliwa,
kisha ikarudi kulala,
na taa za barabarani hazikuuliza zizimwe lini.

Ndugu yangu Makar alikuwa na miaka minne
na ngozi iliyomkataa.
Nyuma ya magoti, kwenye vikunjo vya viwiko,
chini ya masikio: wekundu, magamba, majimaji.
Ukurutu ulimjia na baridi ya kwanza
kama mpangaji mwenye ufunguo wake mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa soksi.
Kila usiku nilimvisha mikononi soksi za baba,
za pamba, maana sufu ilimchoma,
nikafunga utepe kwenye vifundo
asijichane usingizini.
Asubuhi utepe ulikuwa sakafuni, shuka lina vitone.
Mama hakusema kitu. Aliloweka.

Jumanne na Ijumaa, kule chekechea,
muuguzi Glafira Petrovna aliwavua watoto hadi chupi,
akawavisha miwani nyeusi yenye mpira kisogoni
na kuwapanga duara kuizunguka taa
iliyonguruma na kunuka kama hewa baada ya radi.
Nuru ya zambarau. Vipofu wadogo walioshikana mikono.
Dakika mbili kifua. "Geukeni!"
Dakika mbili mgongo. Wakageuka kama mikate.

"Inampa nini?" mama aliuliza, kofia bado kichwani.
"Vitamini D. Ngozi huipika yenyewe ikipata mwanga.
Huku kwetu, Desemba, jiko halina moto."
"Itamponya?"
Glafira Petrovna alifuta miwani moja, akafuta ya pili.
"Sikusema itamponya.
Nimesema ana njaa."

Basi nyumbani tukamlisha. Mafuta ya ini la chewa,
kijiko kimoja, kila siku kabla ya chai.
Makar alijificha chini ya meza akiziba mdomo kwa soksi.
"Mgonjwa haulizwi uji," alisema bibi Taisia,
akamvuta kwa mguu.
Nilitangulia mimi kumeza, nikatabasamu.
Ndio uongo wangu wa kwanza ninaoukumbuka kwa ulimi.

Jirani yetu Veniamin, mfanyakazi wa bandarini, alicheka:
binti yake alimaliza chupa tatu za mafuta yale yale
na bado anajikuna kama mbwa wa gati.
Mama alimsikiliza mpaka mwisho,
akamimina kijiko.

Usiku Makar aliniamsha. "Nikune mgongo."
Watu husema jikune ujipatapo.
Lakini mwasho nao una akili:
huchagua palepale mkono unapoishia,
kati ya mabega, hatua moja nje ya uwezo wa mtoto.
Na mimi niliyepafikia nilikatazwa kupakuna.
Niliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha
mpaka kikafa ganzi,
kisha nikakilaza pale.
Akahesabu hadi saba. Hakujua nane.

Za mwizi ni arobaini.
Siku ilipotimia, mji mzima ulipanda kilimani
na chupa za chai, na chapati nyembamba zilizopoa.
Jua likatoa ukucha tu, juu ya mlima,
likaona wengi wanalitazama, likarudi.
Makar alikuwa amevua glavu moja.
Alinyoosha mkono juu, vidole vimetanuka,
kama anayetaka chenji yake.

Kiwiko kilikuwa kimekauka wiki ile.
Taa? Mafuta? Marhamu ya bibi yenye lami?
Au ugonjwa ulichoka tu, kama wageni wachokavyo?
Katika daftari la jikoni, chini ya bei ya viazi,
mama aliandika: *Januari. Amelala saa sita mfululizo.*
Hakuandika kwa sababu gani.

Usiku huo nilimvisha soksi kama kawaida.
"Za nini?" akaniuliza.
Sikujibu. Nikafunga utepe,
lakini fundo la kulegea,
ambalo hata mtoto anaweza kulifungua.