Shuka Moja, Vipande Vitatu

Tulilikata shuka moja, mimi na mdogo wangu Mwantumu,
kwenye arobaini ya shangazi, Tanga,
kwa mkasi wa cherehani uliopoteza makali.
Chako hiki, changu hiki. Kianike nje siku kumi na mbili,
usikifue, usikikung'ute,
kisha tutumiane kwa basi.

Ubishi aliuanza yeye, jikoni, akikuna nazi:
"Dada, wewe umeolewa Moshi.
Jina lenyewe limeshakuambia."
Nikamjibu kuwa hiyo ni herufi kubwa.
Akasema, "Mapafu hayajui kusoma."

Basi changu nikakibana kwenye waya wa nguo, Pasua,
mwezi wa saba, baridi ikiwa imeufunika mji
kama sahani juu ya bakuli.
Asubuhi mlima haupo. Hata mnara wa msikiti haupo.
Moshi wa mabua, wa taka, wa tanuri la matofali
hupanda kimo cha mgrevilea, hugonga baridi,
hurudi chini kama mtu aliyesahau funguo.
Upepo wetu hulala mpaka saa tano.
Ukiamka, unakuja na vumbi la barabara,
na siku wanazochoma miwa kule tambarare
majivu meusi hudondoka uani
kama nywele chini ya kiti cha kinyozi.

Cha Mwantumu kilifika Jumanne, ndani ya bahasha ya kaki.
Nilitarajia cheupe. Pwani, nikawaza,
bahari si inafagia kutwa?
Kumbe kigumu, kama kola iliyotiwa wanga:
chumvi, na unga wa saruji
ulionyeshewa umande ukaganda.
Nilipokikunja kilibaki na mstari.
"Upepo wa bahari haufagii," aliniambia kwenye simu,
"unasogeza tu. Mchana tunawaletea ninyi wa bara.
Usiku unaturudishia kilicho chetu."

Changu kilikuwa laini, rangi ya panya,
kinanuka kuni na chupa za plastiki.
Tulibishana mpaka salio likaisha:
kipi kibaya, kinachokwaruza au kinachonyata?

Septemba, watoto walipofunga shule, tukapanda Uru
kwa mama mkwe, Bibi Aikande.
Huko, hewa ya nje ungeweza kuikaribisha mezani.
Mfereji unapita migombani ukiongea peke yake,
na mlima umekaa wazi, karibu, kama jirani asiye na deni.
Nikamsimulia habari za vitambaa. Akacheka,
akavuta kile cha tatu, kilichobaki,
nilichokuwa nimefungia chapati za safari.
"Ninyi mnapima ua," alisema. "Mimi siishi uani."
Akakifunga mwenyewe juu ya mafiga,
chini ya dari la mahindi,
akaendelea kumenya ndizi.

Siku nne tu. Sikungoja kumi na mbili.
Alikitungua kwa mwiko, akakitandaza pajani,
akakitazama kwa muda, kama mtu anayetazama picha
aliyopigwa bila kuambiwa.
"Tangu mwaka niliozaa Ndeshifose," alisema,
kisha akaomba chumvi.

Nikakituma Tanga. Sikuandika neno.
Mwantumu alipiga alfajiri ya Jumapili, anacheka:
"Dada, umekosea bahasha,
umeniletea kitambaa cha kusugulia masufuria."

Nikashindwa kumjibu.
Ng'ambo ya ukuta Bibi Aikande alikuwa ameamka,
na kikohozi chake cha saa kumi na moja kimeanza,
kile ambacho nyumba nzima, miaka yote hii,
tumekuwa tukikitumia badala ya jogoo.