Boksi

Runinga ilifika Isevya kwa bajaji,
imefungwa kamba, imeegemezwa mto
kama mgonjwa anayepelekwa Kitete.
Mwenye duka alinionya: boksi usitupe,
bila boksi hakuna warantii.
Nikalisimamisha uani, chini ya bati,
nikasaini miezi kumi na minane.

Mwezi wa kwanza tulitazama kila kitu.
Tulitazama misitu. Ndiyo, misitu,
ya nchi ambazo sitafika,
majani yake kijani kupita kijani,
na mtu wa sauti nzito akitueleza umande.
Nyanzobe, mwanangu, akauliza:
umande unauzwa duka gani?
Nikacheka. Kisha sikucheka.

Nilikuwa na feni mbili, blenda isiyo na kazi,
viatu jozi sita kwa miguu ileile miwili.
Asali nilinunua dukani, chupa ya plastiki,
kwenye lebo nyuki anatabasamu.
Mimi, mtoto wa Kapela wa Ipole,
niliyekua na nta chini ya kucha!

Mwezi wa kumi mitundu ikachanua porini.
Sikujua. Hakuna aliyenitumia ujumbe.

Jumamosi, saa tano, umeme umekatika,
nikasikia mvumo, nikadhani friji imerudi.
Haikuwa friji.
Hewa ya uani ilikuwa kahawia, inazunguka, inashuka;
kisha mmoja mmoja, bila kusukumana,
wakaingia kwenye tundu la kushikia boksi
kama watu wenye hati ya nyumba.

Nikampigia mama mdogo Kashindye.
Akacheka hadi salio langu likaisha.
Akapiga yeye:
"Usiwaguse. Hao wamemfuata baba yako,
wamekukuta wewe. Kaa nao."

Nikakaa, hatua kumi kutoka kwao.
Mara ya mwisho kutazama kitu kisicho na bei
siikumbuki.
Harufu ikaja polepole: nta, utomvu,
moshi wa koti la baba
lililozikwa naye.

Mwezi huohuo deni likanishinda.
Wakaja vijana wawili na daftari.
Mmoja kakumbatia runinga,
mwenzake anauliza boksi liko wapi.
Nikamwonyesha kwa kidevu.
Akasogea, akasikia, akarudi mbio,
kandambili moja kaiacha hukohuko.

"Bila boksi," akasema kutoka getini, "thamani inashuka."
"Ishuke.
Runinga chukueni. Boksi liacheni."

Ukutani yamebaki matundu manne ya skrubu.
Jioni tunaketi uani, Nyanzobe na mimi.
Ubavuni mwa boksi kuna mshale mweusi
unaoelekeza juu;
siku hizi tunaufuata kwa macho
mpaka nyota zitoke.

Mvua zikianza boksi litaloa.
Nimemwagiza Kashindye mzinga wa gome.
Nikamuuliza bei.
Amekata simu.