Twite Alianza na Jicho

Kioo hupakwa rangi kwa nyuma.
Kitakachoonekana kwanza ndicho hutangulia:
chembe nyeupe ndani ya mboni, kisha mboni, kisha jicho,
kisha uso, na mbingu mwisho kabisa,
mkono ukiwa umeshachoka.
Ukikosea jicho, utajua kesho.

Hivyo alifanya kazi Fulgence Twite
uani kwa shangazi yake, Kamalondo,
taa nyuma ya kioo, nami mbele yake nikimwambia:
"Kuna tundu, hapo shavuni."
"Liache," alijibu. "Lipumue."

Flipa zilifika Lubumbashi kwa treni, vioo vimevunjika njiani.
Wenye baa wakamletea fremu tupu.
Huyu simba, yule mamba-muntu mwenye saa ya mkononi,
baa ya karibu na stesheni ilitaka treni yenyewe,
na Mama Kafwaya wa Kenya alitaka sura yake, ila mwembamba.
Alivichora vyote. Mia mbili na kumi na tatu,
nilivihesabu kwa mikwaruzo kwenye mlango wa jiko.
Malipo: bia, makala, mara moja tairi la baiskeli.

Yeye hakucheza hata siku moja.
Mchezaji haangalii picha, alisema, anaangalia golori.
Picha ndiyo inayomwangalia yeye.

Kisha sarafu zikafa. Tundu la mashine
halikujua kumeza noti. Umeme nao ukawa mgeni
anayekuja usiku wa manane na kuondoka bila kuaga.
Flipa zikauzwa kwa kilo, chuma kikawa mbabula,
vioo vikaenda kutafuta nyumba zisizo na madirisha.

Mwaka jana, Katuba, nikasimama ghafla barabarani.
Dirisha la choo. Kioo kimegeuzwa nyuma mbele:
buluu iliyobabuka, na juu yake, kwa brashi nyembamba,
F. Twite, kioo cha 88.

Kumbe naye alikuwa akihesabu.
Jina alilitia nyuma ya mbingu,
mahali pa kusomwa na fundi wa nyaya peke yake,
na mimi miaka yote nilisimama upande wa picha.

Niliomba kuingia. Mwenye nyumba akacheka,
akanipa kopo la maji.

Ndani, jua la saa kumi lilikuwa limemkuta mamba-muntu,
magamba yote yanawaka, saa yake ya mkononi
imesimama kwenye tano kasoro.
Na pale shavuni,
mwanga mwembamba kama sindano
ulikuwa ukiingia.