Jumamosi ya Plamsi

Tusubilege amepiga simu kutoka Isyonje:
"Zimeanza kugeuka rangi. Mkikawia, ndege hawakawii."
Nimegeuza stakabadhi ya umeme, nikaandika nyuma yake:
ndoo mbili za lita kumi,
makoti ya mvua, maana Desemba ya Uporoto haina adabu,
chumvi kidogo kwenye karatasi
(Lugano hula plamsi mbichi kwa chumvi, uso ameukunja
kama anayesomewa deni).

Bei ni ile ile, elfu sita kwa ndoo, unachuma mwenyewe,
na unachokula chini ya mti hakihesabiwi.
"Ila mwaka huu," anasema, "nitawapima uzito mkiingia na mkitoka."
Anacheka.
Mimi sicheki sana; namkumbuka shemeji Ambakisye.

Tutoke saa kumi na mbili, ukungu ukiwa bado Igawilo.
Ipyana anasema saa moja. Saa moja yake naijua: ni saa tatu.
Noah ya Mwaisumo ina viti saba, sisi ni tisa;
watoto wapakatwe, ndoo zipakatwe,
anayetapika kwenye kona akae dirishani.

Mwaka juzi tulipanga hivi hivi.
Usiku wa Ijumaa mvua ya mawe ikatutangulia shambani,
ikachuma zote, bila ndoo.
Asubuhi ikaja picha: udongo mwekundu, majani yametoboka.
Mihogo ya safari tulikuwa tumeshaikaanga.
Tukaila sebuleni, viatu miguuni.

Ndiyo maana sisemi tutakwenda. Nasema tumepanga kwenda.

Limebaki la Baba.
Macho yamemfifia tangu Pasaka;
juzi amelisalimia koti lililotundikwa mlangoni, akangoja jibu.
Nilitaka kumwambia abaki na redio yake.
Nikamsikia chumbani anauliza buti ziko wapi.
"Babu, utachumaje?"
"Plamsi haitaki macho. Unaishika hivi."
Nilipochungulia,
kidole gumba na cha shahada vilikuwa kwenye ndewe ya sikio la Lugano,
vinabonyeza taratibu.
"Ikiwa laini namna hii, njoo nayo.
Ikigoma, iache na mama yake."

Nimerudi kwenye stakabadhi.
Nimefuta mbili, nimeandika ndoo tatu.
Nilikuwa nimeandika pia kigoda cha Baba.
Nimekikata.