Mengineyo

Ijumaa baada ya isha, sahani zikishaoshwa,
twatandika mkeka chumba cha mbele, hapa Mlaleo,
na daftari la nyumba hulala katikati yetu
kama mgonjwa aliyezungukwa na jamaa.
Shuruti niliziweka mwenyewe:
hapana mkubwa mbele ya hesabu,
kila mtu ana kura moja,
na atakayesema "ni hivyo kwa sababu nimesema"
atatia shilingi kumi kwenye kopo la maziwa.

Kopo lilijaa mwezi wa kwanza. Nyingi zilikuwa zangu.

Hapo mkekani ndipo Mwanakhamisi, wa miaka kumi,
alipong'amua kwamba mtungi wa maji
uliokuwa ishirini juzi na leo ni arubaini
haukupanda kwa sababu Lali wa mkokoteni kageuka shetani:
mabomba yamekauka, wenye kiu ni wengi,
na mgongo wake Lali ni mmoja tu.
"Kwa hivyo bei ni swali," akasema,
"si tusi."
Siku mbili nilitembea kifua mbele, Kilindini kwenye makasha,
nikimsimulia kila karani alivyosema binti yangu.

Shee, mdogo wake, akadai posho aitumie apendavyo.
Akanunua achari na mabuyu, zote siku moja,
kisha wiki nzima akatazama wenzake wakitafuna.
Mamake alitaka kumpa. Nikamzuia kwa jicho.
Hiari, nikasema, haina maana
ikiwa majuto atabeba mtu mwingine.
Maneno matamu hayo. Nilijiona mwalimu.

Ikaja Ijumaa ya mfungo tatu.
Mwanakhamisi anasoma kwa sauti, kidole mstarini:
unga, gesi, stima, viatu vya Shee,
mengineyo, elfu moja na mia mbili.
Kidole kikasimama.
"Baba, mengineyo ndiyo nini?"
"Mambo madogo madogo."
"Madogo, na yameushinda unga?"
Nikafungua mdomo, na lililotaka kutoka
lilikuwa la shilingi kumi.

Feni ikazunguka. Mama yao akafunga fundo kwenye ncha ya leso,
akalifungua.
Nikasema. Yuko bwana mwenye ufunguo wa koki kuu.
Kila Alhamisi usiku humpa mia tatu,
maji yakaja upande wetu hadi alfajiri.
Ndiyo maana mapipa yetu hayajui kiangazi.

Hakupandisha sauti. Alihesabu tu, kama nilivyomfunza.
"Yakija upande wetu, yatoka upande wa nani?"
Shee akaniwahi: "Wa kina Saumu. Mtaa wa nyuma.
Wao hununua kwa Lali."
"Kwa arubaini," akasema dadake.
"Basi katika bei ya Lali, baba, nawe umo."

Nimewafunza wanangu kuuliza:
umejuaje, nani apata, nani alipa.
Sikuwafunza pa kukomea.
Nilidhani watakomea mlangoni kwangu,
wavue viatu.

Tukapiga kura. Watatu kwa mmoja: mengineyo ifutwe.
Yule mmoja alikuwa mama yao, afuaye nguo za sote.
"Nimewasikia," akasema. "Sasa niambieni,
huo uadilifu wenu utabebwa na kichwa cha nani?"

Hilo lilituchukua hadi saa tano za usiku
na karatasi mbili zilizochanwa.

Alhamisi koki ilikohoa, ikanyamaza.
Alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya kisima cha msikiti,
nyuma ya mamake Saumu, aliyenitazama,
akautazama mtungi wangu mpya, na kibandiko cha duka bado kipo.
"Nanyi pia?"
"Nasi pia," nikajibu,
na mengine sikumwambia. Bado.

Tukirudi, kidumu cha Shee kikimmwagikia miguuni,
aliniuliza kama zamu ya mtu yaweza kununuliwa,
maana dadake ana akiba naye ana mabega.
Nikamwambia suala hilo alilete mkekani.
Akasema ataleta na hesabu.