Deni Linalowika

Julai, Mufindi, saa moja na nusu asubuhi.
Ukungu umekaa uwanjani kama mgeni asiyeaga.
Tuko wanne, fimbo saba,
mipira mitano, na wa sita uliowahi kuonjwa na mbwa.

Dau tulilifunga jana kilabuni,
ulanzi ukitusaidia kuhesabu:
Mdegela, jogoo mweupe;
Kihwele, gunia la viazi, tena lumbesa;
Onorata, nesi wa zahanati, hajawahi kushika fimbo,
akasema, "Nikishindwa nawachoma sindano bure."
Mimi, mwalimu wa hesabu, niliweka koti.
Nilikuwa na uhakika.
Uhakika, nimekuja kujua, hauna vifungo.

Kihwele alianza. Akatemea mate viganja,
akajikunja kama anayepasua gogo la mwati,
akapiga.
Fimbo ilikwenda mbali kuliko mpira.
Wachumaji wakasimama, chai ikiwafika viunoni,
wakapiga vigelegele vya harusini.

Mpira wangu ulipaa vizuri. Naapa ulipaa vizuri.
Ulipochoka ukachagua pa kulala:
kikapu cha Bi Tulalumba.
Mdegela, ambaye sheria huzijua zikimfaa,
akasema mpira hupigwa palepale ulipo.
"Piga," akasema Bi Tulalumba, kikapu kingali mgongoni.
"Piga nione."
Niliuomba kwa adabu. Akaninyima kwa adabu:
mizani inakuja saa nne, na huo nao una uzito.
Gramu arobaini na sita. Nilipiga hesabu kichwani,
hazinunui hata njiti ya kiberiti.
Lakini mizani hiyo imempunja miaka kumi na tisa,
mimi ni nani nidai gramu zangu?
Nikaandika pigo la adhabu.

Shimo la mwisho zilibaki hatua mbili,
urefu wa ubao wa darasani.
Nikainama. Nikapumua. Nikagusa.
Mpira ukaenda kama mtoto aliyetumwa chumvi wakati wa mchezo,
ukakuta kifusi cha fuko, ukapanda, ukafikiri,
ukashukia upande usio wangu.

Onorata hakuinama. Alikuwa kwenye simu,
mtu anauliza dawa ya minyoo.
"Viwili, asubuhi," akamwambia, huku akiusukuma mpira
kama anayeondoa kiatu mlangoni.
Tuliusikia ukigonga kopo la maziwa tulilolifukia.
"Tayari?" akauliza. Hatukujua anamuuliza nani.

Koti lilimfika magotini.
Nilirudi nyumbani nikitetemeka,
nikikariri tebo ya saba ili meno yapate kazi.
Viazi alipewa, amekwisha kuvila.
Jogoo tu: alikata kamba njiani, akazama kwenye chai,
na mpaka leo, ukungu ukiwa mzito,
Kihwele hunigusa bega, sikiliza,
deni la Mdegela linawika.