Saa ya Tatu ya Uvimbe

Kolkata, mwezi wa saba. Feni ya darini inalikoroga joto
kama uji uliokataa kuiva.
Panya ishirini na wanne, weupe, macho mekundu,
sita kila kizimba,
na chupa nne zisizo na jina: Ka, Kha, Ga, Gha.
Ajuaye kilichomo ni Profesa Lahiri peke yake;
orodha imo ndani ya bahasha, bahasha kabatini,
ufunguo shingoni mwake.

Mimi kazi yangu ni unyayo.
Nadunga ute wa mwani chini ya ngozi, kiasi cha chozi,
kisha nausubiri mwili ukasirike.
Kila saa nauchovya mguu katika bomba la zebaki,
zebaki inapanda, nasoma, naandika.
Kumbe hasira ina ujazo.

Baba angecheka.
Daktari Haradhan Bhowmick wa Krishnanagar,
kliniki chumba kimoja na benchi,
vichupa mia mbili vya vidonge vitamu
vidogo kama punje za ulezi.
Alinifundisha kabla sijajua kuandika jina langu:
tone moja la dawa, matone tisini na tisa ya kileo,
tikisa, gonga juu ya kitabu cha ngozi mara kumi.
Chukua tone la hiyo, anza upya,
mpaka mara thelathini.
"Baba, mwishoni kumebaki nini?"
"Kumbukumbu."
Chuoni nikafundishwa hesabu, nikahesabu.
Hakukubaki kitu.
Sikumwambia.

Mganga hajigangi, husema watu. Yeye alijiganga kila alfajiri,
vidole vimemvimba vifundo kama tangawizi,
hata kizibo kikamshinda, nikawa namfungulia mimi.
Dawa ya maumivu yanayozidi ukiamka, yanayopungua ukitembea.
Basi akatembea. Akafika sokoni, akarudi na samaki:
"Unaona?"
Niliona samaki.

Saa ya tatu. Uvimbe umefika kileleni.
Ka, umejaa. Gha, umejaa.
Kha umenywea; hiyo bila shaka ni dawa ya hospitali.
Ga:
panya wa kwanza, umepungua. Wa pili, kidogo.
Wa tatu, nikagundua nimebana pumzi
na dole gumba langu linauinua mguu,
upana wa unywele tu, juu ya mstari wa wino.
Sikukusudia.
Mkono ulikuwa wa binti yake.

"Profesa, Ga nimeiharibu."
Hakuniuliza kwa nini. Akamwita Nirapada, msafisha vizimba,
asiyejua Ga wala Gha,
akaipima miguu upya, wote sita,
nami nimeketi dirishani, naandika namba
kama zilivyotoka kinywani mwake.

Ijumaa bahasha ikafunguliwa.
Ga ilikuwa ile ya baba, jani la mwasho, kiwango cha thelathini.
Gha, kileo kitupu kilichotikiswa vilevile.
Maji ya kifuu ni bahari ya chungu;
katika tofauti ya hizo mbili
hata chungu asingelowa.
"Panya sita ni wachache," alisema Profesa. "Tutarudia."
Nikaandika: tutarudia.

Kichupa chake kimoja ninacho mkobani.
Jioni, ngazini, mvua inapiga mabati ya jirani,
nikakitoa, nikanusa, nikakifunga.
Kizibo hakikunisumbua.
Vidole vyangu bado.